Mtaa Ulio Nyuma ya Mhusika: Kujifunza Kuchora Mandhari ya Katuni kwa Video

Katika katuni za hadithi, yaani zile zinazosimulia kisa kwa mfululizo wa picha zilizotengwa ndani ya fremu, mhusika ndiye anayependwa na msomaji, lakini mahali aliposimama ndipo panapomfanya aaminike. Mahali hapo, pamoja na majengo, barabara, miti, samani na mwanga wake, ndiyo mandhari, na ndiyo sehemu ya ufundi ambayo mchoraji chipukizi huikwepa kwa muda mrefu zaidi. Huanza na sura, akaendelea na mikono, nguo na misuli, kisha akajikuta ana mashujaa hodari wanaopigana kwenye karatasi nyeupe isiyo na sakafu wala mbingu. Tangu YouTube ilipoanzishwa mwaka 2005, masomo ya kuondoa upungufu huo yameongezeka kiasi kwamba kijana mwenye simu janja na bando la kutosha, awe Mbeya, Mombasa au Bukavu, anaweza kumtazama mchoraji wa Seoul au wa Los Angeles akijenga mtaa mzima kuanzia mstari wa kwanza. Masomo hayo yana nguvu kubwa na yana udhaifu mmoja mkubwa: yanafundisha vyema kanuni za nafasi, lakini hayawezi kumfundisha mwanafunzi mahali anapoishi.

Wachoraji waliotangulia katika ukanda huu hawakuwa na msaada huo. Edward Gitau, aliyemchora Juha Kalulu kwa miongo mingi katika magazeti ya Kiswahili ya Kenya, na Philip Ndunguru, ambaye wahusika wake walilipamba jarida la Sani nchini Tanzania katika miaka ya 1980, walifanya kazi ndani ya nafasi finyu ya gazeti, ambamo mlango mmoja na mchoro wa mnazi ulitosha kumwambia msomaji kwamba kisa kiko mjini au shambani. Godfrey Mwampembwa, maarufu kwa jina la Gado, alisomea usanifu majengo kwa muda mfupi katika Chuo cha Ardhi jijini Dar es Salaam kabla ya kujiunga na gazeti la Nation mjini Nairobi mwaka 1992, na si ajabu kwamba majengo na kumbi katika katuni zake husimama imara. Kwa wengi wa kizazi hicho, elimu ya mandhari ilipatikana kwa kunakili magazeti ya nje, kwa kukaa karibu na mchoraji mzoefu, au kwa kupita darasa lililokusudiwa kazi nyingine kabisa.

Msingi wa karibu kila somo la video juu ya mandhari ni pespektivu, yaani kanuni ya kuonyesha kina cha nafasi halisi kwenye karatasi iliyo bapa. Kanuni hiyo ilithibitishwa kwa majaribio na msanifu Filippo Brunelleschi mjini Florence mwanzoni mwa karne ya 15, kisha Leon Battista Alberti akaieleza kwa maandishi katika kitabu chake cha uchoraji cha mwaka 1435. Nguzo zake ni mbili. Ya kwanza ni mstari wa upeo, ambao daima huwa kwenye usawa wa jicho la mtazamaji, na ya pili ni nukta ya kutoweka, mahali ambapo mistari iliyo sambamba katika uhalisia huonekana kukutana kadiri inavyokwenda mbali. Mtaa ukitazamwa moja kwa moja kwa urefu wake, nukta moja hutosha. Jengo likitazamwa kwa pembe yake, huhitaji nukta mbili. Na ghorofa likitazamwa kutoka chini kabisa, nukta ya tatu huongezwa juu ili kuta zake zionekane zikijongeleana angani. Ni vyema kukumbuka kwamba huu ni uchaguzi tu. Michoro ya Tingatinga, kwa mfano, haikuihitaji pespektivu, na haiwi pungufu kwa sababu hiyo. Katuni ya kisa inayomtembeza mhusika kutoka chumbani hadi sokoni, hata hivyo, hunufaika sana nayo.

Hapa ndipo video inapokizidi kitabu, kwa kuwa pespektivu ni mfuatano wa vitendo, na mfuatano huonekana vizuri zaidi mkono unapotembea. Mfano mmoja ni upangaji wa nguzo za umeme kando ya barabara, jambo ambalo wanaoanza hulifanya kwa kukisia, nguzo zao zikaonekana kama zilizosimikwa na walevi. Mchoraji akishaweka nguzo mbili za mwanzo, huchora mistari inayopita kwenye vilele na kwenye misingi yake hadi nukta ya kutoweka, kisha hutafuta kati ya nguzo ya pili, na kutoka kilele cha nguzo ya kwanza hupitisha mstari kwenye kati hiyo hadi uguse mstari wa chini. Hapo ulipogusa ndipo msingi wa nguzo ya tatu. Maelezo haya kwa maneno huchosha, ilhali kwa video humalizika katika dakika moja na hayasahauliki, na kanuni hiyohiyo huzaa milango ya maduka, madirisha ya treni na nguzo za baraza.

Kanuni nyingine inayostahili kukaziwa ni ile ya watu katika umati. Ikiwa jicho la mtazamaji liko kwenye kimo cha mita 1.5 na ardhi ni tambarare, mstari wa upeo utampitia kila mtu mzima wa wastani karibu na kidevu, awe karibu au mbali mno, kwa hiyo mchoraji wa soko la Kariakoo hana haja ya kukisia ukubwa wa mteja wa kumi. Humtundika tu kidevu chake kwenye mstari huo na kumwacha apungue kuelekea chini. Kosa linalojitokeza mara nyingi zaidi ni kuzibana nukta mbili za kutoweka ndani ya karatasi, jambo linalofanya pembe za majengo zichongoke kupita kiasi. Dawa yake ni kuibandika karatasi mezani na kuziweka nukta hizo nje yake kwa kutumia rula ndefu au uzi uliofungwa kwenye pini, au kutumia programu yenye rula za pespektivu, kama Krita, ambayo ni ya bure kwa kompyuta, au ibisPaint, inayofanya kazi kwenye simu.

Masomo ya video hayalingani kwa ubora. Drawabox, mfululizo ulioanzishwa na Irshad Karim na kutolewa bila malipo kwa maandishi na video, humwanzisha mwanafunzi kwa mistari na maumbo sahili, humtaka achore kwa kalamu ya wino badala ya penseli ili ajifunze kufikiri kabla ya kugusa karatasi, na humpa zoezi maarufu la kuchora maboksi 250 yaliyogeuzwa kila upande. Sheria yake yenye busara zaidi inadai nusu ya muda wote wa kuchora utumike katika michoro ya kujifurahisha, kwa kuwa anayefanya mazoezi pekee huishia kuwa fundi wa maboksi.

Kwa upande mwingine kuna video za kuvutia macho, zile zilizoharakishwa ambamo kazi ya saa nyingi hupita kwa dakika tano. Hizi si masomo. Huficha hasa sehemu ambayo mwanafunzi anaihitaji, yaani mchoro mdogo wa majaribio, mistari iliyofutwa, na muda mrefu ambao mchoraji ameutumia akitazama bila kuchora. Kim Jung Gi wa Korea Kusini, aliyefariki Oktoba 2022, alijulikana duniani kwa video za kujaza kuta nzima kwa wino bila mchoro wa awali na bila picha ya kuigiza, na vijana wengi wameziangalia wakidhani kuwa hicho ni kipaji tu. Nyuma yake kulikuwa na miaka mingi ya kuvichunguza vitu, ikiwemo magari na silaha alizoziona akiwa jeshini, hata umbo la kila kimoja likakaa kichwani mwake kwa pande zote. Video inaonyesha mavuno. Kilimo chenyewe hakikurekodiwa.

Udhaifu mkubwa uliotajwa awali, ule wa mahali, unatokana na kile anachokichora mwalimu mwenyewe. Mwalimu wa video huchora mtaa anaoujua yeye, wenye paa za vigae, mabomba ya kuzimia moto na ngazi za chuma ubavuni mwa majengo, na mwanafunzi anayenakili kwa uaminifu huishia kuwa na mhusika aitwaye Juma anayekimbizwa katika kichochoro cha New York. Hata mwanga huwa wa kigeni. Mjini London, jua la adhuhuri ya mwishoni mwa Desemba hupanda nyuzi 15 tu juu ya upeo, hivyo vivuli virefu vilivyolala ni jambo la kawaida katika michoro ya huko. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua hupita juu ya utosi mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, na wakati huo kivuli cha mtu hukaa miguuni pake, kuta zilizo chini ya mapaa mapana huwa gizani, na mng'ao wa ardhi ndio unaoziangaza kutoka chini. Mchoraji anayelijua hilo anaweza kuonyesha joto la mchana bila kuandika neno hata moja.

Umbo la ardhi nalo lina madai yake. Masomo ya awali karibu yote huchukulia kwamba barabara ni tambarare na imenyooka, ilhali vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar hupinda kila baada ya hatua chache, na kila ukuta unaogeuka huwa na nukta yake ya kutoweka, ingawa zote hukaa kwenye mstari mmoja wa upeo. Katika miji ya milima kama Kigali na Bukavu, barabara inayopanda hukutanisha kingo zake juu ya mstari wa upeo, na inayoshuka hukutanisha zake chini yake, huku madirisha ya nyumba zilizo kando, kwa kuwa yamejengwa kwa timazi na pima maji, yakiendelea kuutii upeo uleule. Ni tofauti hiyo ndogo kati ya barabara na dirisha inayomfanya msomaji ahisi mteremko, na mchoraji akiipuuza, mlima wake huonekana kama uwanja wa mpira ulioinamishwa.

Wakongwe wa fani walilitambua deni hili kwa mahali. Hergé, mchoraji wa Ubelgiji aliyeanzisha studio yake mwaka 1950, alikuwa na wasaidizi walioshughulikia mandhari, na pale mchapishaji wa Uingereza alipoorodhesha makosa 131 ya uhalisia katika kitabu cha mhusika wake Tintin kiitwacho L'Île noire, msaidizi wake Bob de Moor alitumwa Uingereza mwaka 1961 kuchora na kupiga picha treni, sare za polisi na majengo, hata toleo jipya likatoka mwaka 1966 likiwa limechorwa upya. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, aliyewahi kupata mafunzo katika studio hiyo ya Hergé, alikiweka kitabu chake cha mwaka 2014, Madame Livingstone, katika Ziwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kikizunguka kisa cha kuwindwa kwa meli ya Kijerumani Graf von Götzen, ambayo baadaye iliopolewa na kuwa MV Liemba. Kazi ya namna hiyo haiwezekani kwa kunakili milima ya mtu mwingine.

Jarida la Shujaaz, lililoanza Kenya mwaka 2010 kwa lugha ya Sheng, ni ushahidi wa karibu zaidi: mitaa yake ya Nairobi, yenye mabati, nyaya zilizosokotana na mabango ya rangi, hutambulika kabla ya neno lolote kusomwa. Hata mtaa unaotambulika hivyo, hata hivyo, hauhitaji kujazwa katika kila fremu. Fremu ya kwanza ya tukio huonyesha mahali kwa upana, na zinazofuata hutosheka na ukingo wa meza au nondo za dirisha, ili puto za maneno zipate nafasi na jicho lipumzike. Vitu vya karibu huchorwa kwa mistari minene na vya mbali kwa mistari myembamba, kwa kuwa hewa hufifisha vilivyo mbali.

Kinachobaki ni suala la masahihisho, kwa sababu video haimwoni mwanafunzi. Njia inayofaa ni kupiga picha kona ya mtaa kwa simu, kuchora kona hiyo kutoka hapohapo bila kuitazama picha, kisha kuweka plastiki angavu juu ya picha iliyochapishwa, au tabaka jipya juu yake katika programu, na kufuatisha mistari yake kwa rula ili kuona upeo ulikuwa wapi na mchoro ulipotoka wapi. Somo moja lililopakuliwa wakati kuna Wi-Fi, likachezwa kwa kasi ya nusu na kusimamishwa kila hatua, lina faida kubwa kuliko masomo kumi yaliyotazamwa mfululizo kitandani.

Wachoraji wazoefu wa Dar es Salaam, Nairobi, Zanzibar na Lubumbashi nao wana sehemu yao. Sehemu kubwa ya masomo yanayotazamwa iko katika Kiingereza, na mifano yake ni ya miji ya mbali. Simu iliyoegeshwa juu ya meza, mwanga wa dirishani na maelezo ya Kiswahili kuhusu namna ya kuchora kibanda cha mama lishe chini ya mwembe vinatosha kuanza, na inafaa waanze sasa.