Saratani ya Ini Huanza Utotoni

Novemba 1975, daktari wa Kimarekani aitwaye R. Palmer Beasley na wenzake walianza kuwapima damu watumishi wa serikali nchini Taiwan, wanaume watupu. Hadi katikati ya mwaka 1978 walikuwa wameandikisha 22,707. Walichokuwa wakikitafuta katika damu hiyo ni kirusi cha homa ya ini aina ya B. Wanaume 3,454 walikutwa nacho, na 19,253 waliobaki hawakuwa nacho. Hawa hawakuwa wagonjwa waliotolewa wodini. Walikuwa watu wa kwenda kazini asubuhi na kurudi nyumbani jioni, na wengi wa wenye kirusi hawakuwa na dalili yoyote. Watafiti wakakaa kusubiri. Taiwan palifaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa watumishi wale walikuwa na bima ya serikali, hivyo mtu akifariki taarifa zilifika na sababu ya kifo ikaandikwa.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1981. Waliofariki kwa saratani ya ini walikuwa 41. Kati yao, 40 walitoka katika kundi la wenye kirusi, na mmoja tu katika lile kundi kubwa la wasio nacho. Kwa hesabu ya watafiti, hatari ya mwenye kirusi ilikuwa mara 223 ya hatari ya asiye nacho. Mvutaji wa sigara, ambaye sote tunajua anavyohatarisha mapafu yake, hatari yake ya saratani ya mapafu ni mara 15 hadi 30 ya asiyevuta. Ni nadra sana katika elimu ya saratani kukuta kisababishi kimoja kikijionyesha waziwazi namna ile.

Nimeanza na Taiwan kwa sababu hapa kwetu, zaidi ya miaka 40 baadaye, mtu akivimba tumbo na macho yakigeuka manjano, jirani bado atasema amekunywa sana, na shangazi atasema ametupiwa kitu. Pombe ni kweli huharibu ini, sina ubishi. Lakini wengi wa wagonjwa wa saratani ya ini Afrika Mashariki hawajafika hapo kwa sababu ya chupa. Utafiti uliokusanya wagonjwa zaidi ya 2,500 kutoka nchi 9 za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo, ulichapishwa mwaka 2017. Ukiiondoa Misri, kisababishi kilichoongoza kilikuwa kirusi cha B, na nusu ya wagonjwa hawakuwa wamevuka miaka 46. Nusu yao walifariki ndani ya miezi miwili na nusu tangu ugonjwa ugundulike. Hao ni watu wenye watoto shuleni na nyumba ambazo hazijaezekwa.

Swali lao la kwanza huwa moja: "Daktari, mimi nimeupata wapi?" Mgonjwa anahesabu miaka miwili mitatu ya nyuma, anakumbuka safari, anamwangalia mwenzake wa ndoa kwa wasiwasi. Mara nyingi jibu haliko huko. Liko siku aliyozaliwa, au katika miaka yake mitano ya kwanza.

Kirusi cha B hupita kwa damu na majimaji ya mwili, nacho ni kigumu. Kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado kikaambukiza. Mtu mzima akikipata, kwa kawaida mwili wake hupigana nacho na kukishinda. Kati ya watu wazima 100 walioambukizwa, wasiozidi 5 hivi ndio hubaki nacho daima. Mtoto mchanga aliyekipata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa ni habari nyingine kabisa: watoto 90 kati ya 100 hubaki nacho maisha yao yote. Mtoto aliyeambukizwa kabla ya kutimiza miaka mitano, labda kwa wembe wa chale uliotumika kwa mwenzake au kidonda cha goti kilichogusana na kidonda cha mwenziwe mchezoni, yuko katikati ya hao wawili. Kinga ya mtoto mchanga bado haijajifunza kumtofautisha mgeni na mwenyeji. Kirusi kinaingia, kinakaa, na hakuna anayekipigia kelele. Mtoto hana homa wala manjano, anakua na kucheza, anafanya mitihani. Hapo ndipo ugonjwa huu unapotupiga chenga: wale wanaoambukizwa wakiwa wadogo, ambao ndio watakaobaki nacho, ndio wasioonyesha dalili.

Miaka inakwenda. Ujanani, mara nyingine baadaye kidogo, kinga inaamka na kuanza kuzishambulia seli za ini zenye kirusi. Na hili watu wengi hushangaa wakilisikia: kirusi chenyewe hakiiui seli ya ini. Kinachoiua ni kinga ya mwili wa mtu mwenyewe. Ini lina uwezo wa ajabu wa kujiotesha upya, hivyo seli zilizokufa zinazibwa na mpya, nazo zinakufa, zinazibwa tena, miaka ishirini, miaka thelathini. Kila seli inapogawanyika hunakili maandishi yote ya urithi, na kila unakili una nafasi ya kukosea. Makosa hayo yakirundikana, inaweza kutokea seli moja isiyosikia tena amri ya kuacha kugawanyika. Papo hapo makovu yanajengeka hadi ini linakuwa gumu na lenye vinundu, hali ambayo madaktari huiita sirosisi.

Kirusi cha B kina ubaya wa ziada. Vipande vya maandishi yake ya urithi hujichomeka ndani ya maandishi ya seli ya ini, mahali popote, na mara nyingine huangukia karibu na sehemu zinazosimamia ukuaji wa seli. Ndiyo maana tunaona saratani hata kwa mtu ambaye ini lake halijapata sirosisi, jambo ambalo kwa kirusi cha homa ya ini aina ya C ni nadra. Cha C hakiingii katika maandishi ya urithi ya seli. Kazi yake yote hupitia uvimbe wa muda mrefu na makovu. Aina za A na E, zinazoenezwa kwa maji na chakula kichafu, hazisababishi saratani, ingawa watu huziita zote homa ya ini na hofu ya moja hubebeshwa nyingine.

Katika ukanda wetu kuna mshirika wa kirusi anayekaa ghalani. Mahindi na karanga zilizovunwa na kuhifadhiwa zikiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumukuvu. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya jirani nchini Kenya, mahindi yenye sumukuvu nyingi yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 wakafariki. Vifo hivyo vilitangazwa na kuliliwa. Kiasi kidogo kinacholiwa kila siku hakitangazwi na mtu, nacho ndicho kinachohusika na saratani. Utafiti wa wanaume wa Shanghai uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba waliokula sumukuvu bila kuwa na kirusi cha B, hatari yao ilikuwa kama mara 3 ya kawaida. Wenye kirusi bila sumukuvu, kama mara 7. Wenye vyote viwili, karibu mara 60. Mwenye kirusi cha B ana sababu kubwa kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani ya kukataa karanga zilizobadilika rangi, hata kama zimekaangwa, maana moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo.

Nirudi Taiwan, kwa sababu kazi yao haikuishia kuhesabu vifo. Julai 1984 walianza kuwachanja watoto wachanga wa akina mama wenye kirusi, na mwaka 1986 wakawachanja watoto wachanga wote. Ndani ya miaka kumi, watoto wenye kirusi katika mji wa Taipei walishuka kutoka karibu 10 kati ya 100 hadi kidogo zaidi ya 1. Kisha likaja lile lililosubiriwa. Saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14, ambayo ni adimu lakini ipo, ilipungua kutoka 0.70 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka hadi 0.36. Ilikuwa mara ya kwanza kuonyeshwa kwamba chanjo inaweza kuzuia saratani ya binadamu. Chanjo yenyewe ni sindano ya kawaida tu ya pajani.

Kenya, Tanzania na Uganda ziliingiza chanjo ya B katika ratiba ya watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndani ya ile tunayoiita Penta, inayotolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Imefanya kazi kubwa sana. Lakini tazama tarehe. Kati ya siku ya kuzaliwa na wiki ya 6 mlango uko wazi, nao ndio ule wa watoto 90 kati ya 100. Penta haiwezi kutolewa mapema zaidi ya wiki ya 6, hivyo kuufunga kunahitaji chanjo ya B peke yake, ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hivyo kwa watoto wote tangu mwaka 2009. Hadi mwaka 2022, katika kanda yake ya Afrika, hata mtoto mmoja kati ya watano hakuwa akiipata. Hili linaniuma, kwa sababu muuguzi yuko pale pale wodi ya wazazi, sindano ya BCG na matone ya polio mkononi, na mtoto hajatoka bado. Kinachokosekana ni kichupa kimoja zaidi katika friji lile lile.

Waliozaliwa kabla ya chanjo kuingia nchini ndio wengi wa wagonjwa wa leo na wa miaka ishirini ijayo. Wengi hawajui hali zao. Mmoja anaambiwa alipokwenda kumchangia ndugu yake damu. Mwingine anaambiwa akiwa tayari ameuza kiwanja apate nauli ya kwenda kazini Ghuba, anapimwa afya, anaandikiwa kwamba hafai na kuondoka na karatasi bila maelezo. Hapo ndipo wengi hukimbilia dawa za mitishamba za kusafisha ini, na baadhi ya hizo zenyewe huliumiza.

Yeyote aliyepewa karatasi ya namna hiyo na aende kliniki na maswali mawili. La kwanza, ini langu likoje sasa? Hilo hujibiwa kwa vipimo vya damu, wingi wa kirusi na hali ya makovu, na kipimo cha kirusi hurudiwa baada ya miezi 6 kuona kama kimebaki. Si kila mwenye kirusi anahitaji dawa leo, ingawa miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya Machi 2024 imepanua sana idadi ya wanaostahili. La pili, nitapigwa ultrasaundi lini tena? Ini halina neva za maumivu ndani yake. Kinachouma ni utando mwembamba unaolifunika, na ukiuma maana yake uvimbe umeshalitanua. Mwenye sirosisi, au mwenye kirusi ambaye umri na historia ya familia yake vinamweka hatarini, anatakiwa kupimwa kila baada ya miezi 6, kwa sababu uvimbe wa sentimita mbili unaweza kukatwa au kuunguzwa, na wa sentimita kumi mara nyingi hauwezi.

Dawa yenyewe, tenofoviri, ni kidonge kimoja kwa siku. Haikifukuzi kirusi, maana kinabaki kimejificha ndani ya kiini cha seli, lakini inakizuia kuzaliana na inapunguza hatari ya saratani. Ni dawa ile ile iliyomo katika kidonge cha ARV. Mwenye VVU na B kwa pamoja anaipata bure, dirisha la pili kulia. Mwenye B peke yake, katika maeneo mengi ya kanda yetu, anaambiwa akanunue, au hakuna. Kwa bei ya chini ya soko la dunia, kidonge hicho hakifiki dola 3 kwa mwezi. Sioni sababu ya kitabibu ya tofauti hiyo. Kwa kirusi cha C mambo ni mepesi zaidi: vidonge vya wiki 12 huwaponya zaidi ya watu 95 kati ya 100, na Misri, iliyowahi kuwa na C kuliko karibu nchi yoyote duniani, imepima makumi ya mamilioni ya watu wake na kuwatibu.

Nyumbani, sahani na vikombe havina kesi. Nyembe, miswaki na mashine za kunyolea kila mtu awe na vyake. Mume au mke na watoto wapimwe, na asiye na kirusi wala kinga achanjwe, sindano tatu ndani ya miezi 6.

Na mjamzito anayesoma haya, katika kliniki ambako kipimo cha VVU na kaswende kinafanyika bila kuulizwa, aombe na cha B. Akikutwa nacho na kirusi kikiwa kingi, tenofoviri katika miezi mitatu ya mwisho humlinda mtoto. Kunyonyesha kunaendelea kama kawaida. Kabla siku zake hazijafika, aulize hospitali gani ina chanjo ya B ya saa 24 za kwanza, na apange kujifungulia huko.