Neno Moja, Viti Viwili

Mwalimu mmoja wa sekondari mjini Morogoro ameniandikia kuhusu tangazo la Kiingereza alilolipitisha kwenye programu ya tafsiri ya simu yake. Tangazo lilisema “The meeting has been called off.” Simu ikampa: Mkutano umeitwa mbali. “Nimekagua neno kwa neno,” anaandika, “na kila neno limetafsiriwa. Kosa liko wapi?”

Mwalimu, kosa liko hapo hapo uliposema kila neno limetafsiriwa. “Call” ni kuita, na “off” huweza kuwa mbali, lakini “call off” ni kufuta, na ndani ya kufuta hamna kuita wala umbali. Maneno mawili yameingia kwenye sentensi kama neno moja, simu ikayahesabu mawili. Sisi tuna washa na zima, kila moja neno lake. Mwingereza ana kitenzi kimoja, “switch”, na kinachoamua kama taa itawaka au itazimika ni “on” au “off” itakayokifuata.

Sitaeleza hapa kompyuta inavyokata maandishi kuwa maneno, wala inavyotenga nomino na vitenzi. Nataka twende moja kwa moja palipo na utamu. Tazama sentensi hizi: “She ran up a hill.” “She ran up a bill.” Zimepishana herufi moja tu. Katika ya kwanza mwanamke amepanda kilima mbio. Katika ya pili hakukimbia popote, huenda alikaa kitako dukani huku deni likipanda. “Up” ya kwanza ni ya kilima, inaonyesha mbio zilielekea wapi. “Up” ya pili ni ya kitenzi, na bila hiyo kitenzi hakina maana ile.

Kabla hatujasonga, tukubaliane jina la vitenzi vya namna hii. Nimesikia watu wakiviita vitenzi virai. Jina hilo linanikwaza, kwa sababu mwanafunzi wa sarufi tayari ana kirai kitenzi, ambacho ni kitu kingine kabisa, na kumgeuzia maneno mawili nyuma mbele ni kumtegea mtego. Wengine watasema vitenzi ambatani, kwa kufuata nomino ambatani. Hilo nalo lina kasoro, maana kilichoambatana kimegandana. Katika “kiinuamgongo” huwezi kupenyeza neno jingine katikati hata kwa ncha ya sindano, ilhali “call” na “off” huachana na kuacha nafasi tele. Kiswahili kinalo neno la vitu vinavyokwenda pamoja bila kugandana: kuandamana. Wanaomsindikiza bibi harusi huandamana naye, na kati yao hupita watoto, wapiga ngoma na mpiga picha, lakini msafara unabaki mmoja. Basi nitaviita vitenzi andamani, na kile kineno cha pili nitakiita kiandamizi. Wapo wanaokiita chembe, lakini chembe tumeshawapa wanafizikia, na wanaitumia vizuri.

Waingereza wenyewe walichelewa kuvipa jina. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alitambua kwamba vitenzi hivi ndivyo vinavyowatesa wageni kuliko vyote, akajitahidi kuvikusanya. Jina wanalotumia leo lilitokea katika kitabu cha Logan Pearsall Smith cha mwaka 1925, naye akasema amepewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford. Ni miaka 170 baada ya Johnson. Tunao muda wa kulichagua letu vizuri.

Sasa panda daladala. Kitenzi ni dereva, kiandamizi ni konda, na kile kinachotendwa ni abiria. Asubuhi gari likiwa na nafasi, konda hukaa kiti cha mbele ubavuni mwa dereva: “switch off the light”. Gari likipata watu, konda yuko mlangoni na abiria wamejaa katikati: “switch the light off”. Gari ni lile lile na safari ni ile ile. Abiria mwepesi kuliko wote, kiwakilishi “it”, hana hiari. Lazima akae katikati yao: “switch it off”. Ukimpitisha nyuma ya wote wawili ukasema “switch off it”, Mwingereza atakunja uso. Abiria mwenye magunia, ndoo na kuku watatu huwekwa nyuma kabisa, kwa sababu konda akitengwa na mizigo yote hiyo, dereva hamsikii tena anapogonga bodi. Ndiyo maana husemwa “switch off the light that your uncle left on in the kitchen”, na ni nadra mtu kuibeba sentensi nzima ya mjomba na jiko lake kabla ya kumfikia “off”.

Shida yenyewe iko mlangoni. Kijana amesimama pale, mkono mmoja kashika bomba. Ni konda, au ni abiria aliyekosa kiti? Kwa sura huwezi kujua. Lazima umfuatilie anaposhuka. Abiria hushuka na familia yake: “Up the hill she ran” inakubalika, kwa sababu “up” na kilima ni watu wa nyumba moja. “Up the bill she ran” hakuna anayesema, maana konda hashuki na mizigo ya abiria. Au mwambie asogee. Konda huhama kutoka mbele hadi mlangoni: “she ran the bill up”. “Up” ya kilima haihami, na ukisema “she ran the hill up” umevunja Kiingereza.

Mtu aliyekulia kwenye lugha hufanya majaribio haya kichwani bila kujijua. Kompyuta ina maandishi tu, na konda hajavaa sare. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, katika hazina ya sentensi waliyoieleza kwenye makala ya mwaka 1993, walimpa sare: waliweka alama RP juu ya kila kiandamizi na IN juu ya vihusishi kama “up” ya kilima, neno baada ya neno, ili mashine ijifunze kwa mifano. Alama hiyo inakwambia huyu ni konda, lakini peke yake haikwambii ni konda wa gari lipi. Mwaka 2002 Ivan Sag na wenzake wanne waliandika makala ambayo kichwa chake kiliyaita maneno ya namna hii “maumivu ya shingoni” kwa wanaofundisha kompyuta lugha. Nimetafsiri neno kwa neno makusudi. Kwa Mwingereza maana yake ni kero, kwa hiyo kichwa cha makala ni mfano wa ugonjwa wenyewe.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika. Kwa miaka mingi njia ya kawaida ya kuonyesha kwamba maneno kadhaa ni kitu kimoja ilikuwa kuweka herufi chini ya kila neno: B kwa neno linaloanza kundi, I kwa linaloendeleza, O kwa lililo nje. Ni njia safi, lakini inadai kundi likae pamoja. “Switched” ikiachana na “off”, herufi hizi zinakulazimisha uchague: ama uwameze abiria wote kama sehemu ya kitenzi, ama umwache konda barabarani.

Mwaka 2014 Nathan Schneider na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walitumia tiba ndogo mno: waliongeza herufi zile zile tatu kwa umbo dogo. Kubwa ni kwa maneno ya kawaida, ndogo ni kwa maneno yaliyokaa ndani ya pengo kati ya dereva na konda. Chukua “He switched his mobile phone off.” “He” iko nje, apewe O. “Switched” inaanza kundi, B. “His” haimo katika kundi lolote, lakini imeketi kati ya dereva na konda, kwa hiyo ni o ndogo. “Mobile phone” nayo ni neno moja la vipande viwili, kundi dogo ndani ya pengo: b, kisha i. Halafu “off” inafika, pengo linafungwa kwa I kubwa. O B o b i I. Maneno sita, herufi sita, kila moja imetumika mara moja tu. Nilipoiandika hivyo daftarini niliisoma mara tatu kwa furaha.

Uzuri wake uko kwenye sheria zinazofuata zenyewe. Herufi ndogo ni deni: inasema kuna mtu ametoka na hajarudi. Baada ya o ndogo huwezi kuweka O kubwa, kwa sababu utakuwa umeondoa gari bila konda. Baada ya b ndogo lazima ije i ndogo, maana pengo ndani ya pengo haliruhusiwi. Na sentensi haiwezi kuishia kwenye herufi ndogo. Mpaka nukta itakapowekwa, kila konda awe amepanda.

Kwa nini deni liandikwe kwenye herufi? Hili ndilo lililonikosesha usingizi, na jibu lake ni tamu. Sentensi ya maneno 20, kila neno likiweza kupewa herufi yoyote kati ya sita, ina mipangilio zaidi ya trilioni 3,600. Sheria zinapunguza idadi, lakini bado huwezi kuipima yote mmoja mmoja. Kwa hiyo hutumika mbinu aliyoichapisha Andrew Viterbi mwaka 1967, akiwa anashughulikia ujumbe wa mawasiliano uliochafuliwa na kelele. Unatembea kwenye sentensi neno kwa neno. Ukifika neno la tano, huna haja ya kukumbuka njia zote zilizokuleta. Kwa kila herufi kati ya sita, unatunza njia moja tu, ile bora kuliko zote zinazoishia kwenye herufi hiyo, nyingine unazitupa. Kila neno linagharimu ulinganisho 36, na sentensi nzima ya maneno 20 inakwisha kwa ulinganisho wa kama 700.

Lakini ona masharti yake. Mbinu hii haikumbuki historia. Ikiamua herufi inayofuata, inatazama mahali iliposimama sasa hivi, basi. Ukiwa na O kubwa peke yake, ukifika kwenye “off” mashine imeshasahau kwamba nyuma huko “switched” ilipewa B. Ukiwa na o ndogo, kusahau hakudhuru, kwa sababu kumbukumbu imebebwa na umbo la herufi yenyewe. Ni kama askari wa zamu anayempokea mwenzake bila kuongea naye, akakuta fundo kwenye kamba: fundo lipo, basi kuna mtu bado yuko nje.

Kilichobaki ni kujua njia ipi ni bora. Mashine ilipewa sehemu kubwa ya maneno kama 55,000 ya maoni ya wateja mtandaoni, watu wakisifu au kulalamikia mafundi, migahawa na vinyozi, ambayo wasomaji wa kibinadamu walikuwa wameyawekea alama. Inakisia herufi, inalinganisha na za binadamu. Pale ilipokosea, dalili zilizoipotosha zinapunguziwa uzito na zile za jibu sahihi zinaongezewa. Je, jozi “run up” imo kwenye kamusi? Je, katikati kuna kiwakilishi? Je, nomino iliyo karibu ni “hill” au ni “bill”? Hivyo hivyo, tena na tena, mpaka mizani inatulia.

Mifumo mipya iliyofuata baada ya BERT, programu ya kusoma lugha iliyotokea mwaka 2018, husoma sentensi nzima kwa pamoja, “off” ikimwona “switched” bila kupitia abiria, na huhitaji dalili chache za kuandikiwa kwa mkono. Bado huteleza, zaidi kwenye jozi ambazo haijawahi kukutana nazo.

Mwaka huo huo wa 2018, shindano la kimataifa la kutambua vitenzi vya namna hii liliandaa maandishi ya lugha 20. Kiingereza kilikuwemo, Kiajemi na Kihindi pia. Kiswahili hakikuwemo, na hilo linaniuma, kwa sababu tunayo mali ya kupeleka. Mwalimu, waandikie wanafunzi wako ubaoni: “Amezipiga nguo zote pasi.” Hakuna aliyepigwa. “Amezipiga” ni dereva, “pasi” ni konda, na nguo zote ni abiria: B o o I. Kisha waandikie “Alimpiga mtoto” na uweke chaki chini. Herufi mbili za kwanza haziwezi kuandikwa bado, si na mashine wala na wewe. Likija neno “jana”, ni O O O, na mtoto ameumia. Likija neno “picha”, ni B o I, na mtoto anatabasamu.