Doa Jeupe Lisilofutika Kinywani

Kila mmoja wetu aliyelea mtoto mchanga anajua ule weupe unaotanda juu ya ulimi kama maziwa yaliyoganda. Ukiupangusa polepole kwa kitambaa safi, unatoka. Weupe wa shangazi yangu haukutoka.

Tangu ujana wake shangazi alikuwa na mazoea ya kuweka tumbaku kati ya shavu na fizi. Siku moja akicheka, niliona doa jeupe ndani ya shavu lake. "Haliumi," akaniambia, na mazungumzo yakaisha hapo. Neno hilo ndilo linanitia woga mpaka leo, kwa sababu doa la namna hiyo mara nyingi haliumi mwanzoni. Maumivu huja nyuma, wakati kansa imekwisha kuingia ndani.

Madoa meupe mengi hayageuki kuwa kansa. Doa jekundu huonekana kwa nadra, lakini ni la hatari zaidi. Shida ni kwamba macho peke yake, hata ya daktari, hayawezi kujua doa gani litageuka. Inabidi kuziuliza seli zenyewe.

Darasani wanafunzi wangu hukwangua shavu kwa kijiti, hutia rangi ya buluu na kutazama kwa mikroskopu. Huona seli pana zenye kiini kidogo katikati. (Kila mwaka kuna mmoja anayekataa kuamini kwamba zimetoka kinywani mwake!) Seli inayoharibika huwa na kiini kikubwa, cheusi kuliko kawaida.

Laboratwari kubwa hutafuta pia protini fulani. Moja ni p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. Hiyo ni mlinzi wa lango: seli yenye kasoro haiachi izae mpaka itengenezwe, la sivyo ife. Mlinzi akiharibika, mara nyingi hurundikana ndani ya kiini, na rangi ya laboratwari humwonyesha. Nyingine ni Ki-67, inayopatikana katika seli zinazogawanyika tu. Kinywani seli huzaliwa karibu na tabaka la chini, kisha hupanda juu. Ki-67 ikionekana mpaka tabaka za juu, uzazi umepotea njia.

Hata hivyo alama hizo haziamui peke yake. Kinachoamua bado ni biopsi: daktari hutia sindano ya ganzi, hukata kipande kidogo cha doa, kikatazamwe.

Basi simameni penye mwangaza, mwinue ulimi, mtazame pande zake, chini yake, mashavu na fizi. Doa au kidonda kisichopona kwa wiki mbili, kionyesheni kwa daktari wa meno, hata kama hakiumi. Anayechanganya tumbaku na pombe asingoje hata kidogo, maana hatari ya vitu hivyo viwili pamoja inapita ya kila kimoja.

Shangazi alikubali kwenda baada ya miezi mitatu ya kubishana. Seli zilikuwa zimeanza kubadilika, lakini hazijawa kansa, na doa likaondolewa. Tumbaku ameacha, isipokuwa siku za matanga, anasema. Tungali tunabishana.