Mapumziko Kati ya Mikataba: Jinsi Mfanyakazi Huru Anavyoweza Kuipa Familia Likizo

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, Na. 6 ya mwaka 2004, inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 mfululizo zenye malipo katika kila mzunguko wa likizo, yaani kipindi cha miezi 12, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mwenzake siku 21 za kazi baada ya kila miezi 12 ya utumishi. Haki hizo zimejengwa juu ya uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa, na kwa sababu hiyo hazimfikii mfanyakazi huru, yaani mtu anayeuza utaalamu wake kwa wateja mbalimbali kwa mikataba mifupi bila kuwa mwajiriwa wa yeyote kati yao. Mkalimani anayehudumia mikutano ya Arusha, mhariri wa vitabu wa Dar es Salaam, mshauri mwelekezi wa miradi ya maji na mpiga picha za filamu wa Nairobi wote wako katika kundi hili, na kila mmoja wao hupata siku kadhaa au wiki kadhaa zisizo na kazi baina ya mkataba mmoja na mwingine.

Siku hizo hudhaniwa kuwa ndizo likizo yake, na dhana hiyo ndiyo chanzo cha uchovu mwingi katika kazi za namna hii. Ukweli ni kwamba pengo la kazi na likizo ni mambo mawili tofauti. Likizo ina tarehe ya kuanza na ya kumalizika zinazojulikana mapema, ina fedha zilizokwisha kutengwa, na humwondolea mhusika wajibu wa kazi kwa muda wote huo. Pengo la kazi halina hata moja kati ya sifa hizo, kwa kuwa aliye ndani yake hajui litaisha lini, hula akiba ambayo hakuipangia matumizi hayo, na hushinda akitafuta zabuni na kusubiri simu. Mzazi aliye katika hali hiyo huweza kukaa nyumbani mwezi mzima bila watoto wake kumpata. Kwa hiyo likizo ya mfanyakazi huru haianzi mkataba unapomalizika, bali huanza siku anapopanga bei ya kazi yake.

Kabla ya kufikia bei, inafaa mhusika ajiulize iwapo kweli yeye ni mfanyakazi huru kisheria. Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania, Na. 7 ya mwaka 2004, iliweka dhana ya ajira, yaani kanuni inayomchukulia mtu kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, endapo mojawapo ya dalili zilizotajwa ipo, hata kama mkataba wake unamwita kwa jina jingine. Miongoni mwa dalili hizo ni kufanya kazi chini ya uelekezi wa mwingine, kumtegemea mtu mmoja kiuchumi, kutumia zana zinazotolewa na mwenye kazi, na kumfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Sheria Na. 6 nayo inamtambua mwajiriwa aliyefanya kazi zaidi ya mara moja katika mwaka kwa mwajiri yuleyule, ambaye hupata haki ya likizo ikiwa jumla ya vipindi hivyo inazidi miezi sita. Mtu anayerudi katika ofisi ileile mkataba baada ya mkataba huenda anajinyima likizo ambayo sheria imekwisha kumpa.

Kwa aliye huru kwelikweli, suluhisho liko katika bei, na zipo nchi zilizoligeuza wazo hilo kuwa kanuni kwa wafanyakazi wa vipindi. Nchini Australia, kibarua asiye na likizo yenye malipo hulipwa kwa kawaida nyongeza ya asilimia 25 juu ya ujira wa saa, ambayo ni fidia ya likizo na stahili nyingine anazokosa. Nchini Uingereza, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2024 zinaruhusu mfanyakazi mwenye saa zisizo na mpangilio alipwe fedha za likizo pamoja na kila mshahara kwa kiwango cha asilimia 12.07, ambacho hutokana na kugawanya wiki 5.6 za likizo ya mwaka kwa wiki 46.4 zinazobaki. Nchini Ufaransa, waigizaji na mafundi wa majukwaa wanaohama kutoka mkataba mfupi hadi mwingine wana mfuko maalumu ambao waajiri wao wote huuchangia, nao ndio huwalipa wakati wa likizo. Mifano hii mitatu inasimama juu ya msingi mmoja, kwamba kila siku ya kazi hubeba sehemu ya siku ya mapumziko. Mfanyakazi huru wa Afrika Mashariki, ambaye hana sheria wala mfuko wa kumfanyia hesabu hiyo, hana budi kuifanya mwenyewe.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwaka una siku 365, na zikiondolewa Jumamosi na Jumapili 104 hubaki siku 261. Zikiondolewa sikukuu za taifa na za dini zinazokaribia 16, siku 20 za kazi zilizomo ndani ya likizo ya siku 28 na siku 10 za ugonjwa na dharura, hubaki siku 215. Tuseme siku 55 kati ya hizo hutumika katika kuandika zabuni, kufuatilia malipo, kutunza hesabu na kujifunza; siku zinazolipwa zitakuwa 160 tu. Mtu ambaye kaya yake inahitaji shilingi 24,000,000 kwa mwaka, akigawanya kiasi hicho kwa siku 261, atatoza takriban shilingi 92,000 kwa siku na kudhani kwamba zinamtosha, ilhali akigawanya kwa siku 160 ataona kwamba bei inayomwezesha kuishi na kupumzika ni shilingi 150,000 kabla ya kodi. Ikiwa mwezi wa likizo, pamoja na matumizi ya nyumbani na nauli ya familia kwenda kuwaona wazee, unahitaji shilingi 3,000,000, basi kiasi hicho ni thumuni ya pato la mwaka, na njia nyepesi ya kukipata ni kutenga thumuni ya kila malipo siku yanapoingia, katika akaunti isiyoguswa kwa jambo jingine.

Jambo la pili ni mtiririko wa fedha, yaani muda unaopita kati ya kufanya kazi, kupeleka ankara na kupokea malipo. Mteja anayelipa siku 30 au 60 baada ya kupokea ankara humfanya mkalimani aliyefanya kazi mwezi Oktoba alipwe Desemba, na kwa hiyo anayetaka kupumzika Desemba anapaswa kuhesabu kazi za Septemba na Oktoba, si za Novemba. Kodi nayo haina likizo. Nchini Tanzania, mwenye biashara ambaye mwaka wake wa mapato unafuata kalenda hulipa kodi ya makadirio kwa awamu nne, zinazofikia ukomo mwishoni mwa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na nchini Kenya awamu hizo huangukia tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Kodi ya zuio, yaani asilimia 5 ambayo mteja huikata katika ada za huduma za kitaalamu na kuipeleka mamlaka ya mapato, hupunguza deni hilo iwapo vyeti vyake vimetunzwa. Asiyeitengea kodi ya Desemba fungu lake ataikuta ikidai fedha za safari ya familia.

Wakati wa likizo nao huchaguliwa kwa kalenda ya familia. Shule nyingi za Tanzania hufunga Juni na Desemba, na zile za Kenya Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Familia nyingi za Kilimanjaro hurudi nyumbani wakati wa Krismasi, na za Pwani huwa na Ramadhani na Idd, ambazo husogea kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Tarehe hizi hujulikana mapema, na kwa hiyo zinaweza kuandikwa katika pendekezo la kazi kabla bei haijakubaliwa. Vivyo hivyo kwa mapumziko yanayowekwa na mteja: waraka wa utawala wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2013 unamzuia mshauri mwelekezi wa Sekretarieti kuzidisha miezi 24 ya kazi katika kipindi cha miezi 36, na mtaalamu anayefanya kazi na ofisi za Nairobi akiujua ukomo huo anaweza kuugeuza kuwa likizo iliyopangwa badala ya kuupokea kama msiba wa kipato.

Zipo pia siku ambazo hazipangwi. Sheria Na. 6 ya Tanzania inampa mwajiriwa siku 4 zenye malipo anapofiwa na mwenzi, mzazi au ndugu, au mtoto wake anapougua au kufariki, na inampa mama aliyejifungua siku 84. Mfanyakazi huru huzipata siku hizo kwa mkataba tu. Kifungu kinachomruhusu kuleta mwenzake mwenye sifa zilezile kushika nafasi yake, au kusogeza tarehe ya kukabidhi kazi bila adhabu, hakimgharimu mteja kitu wakati wa kusaini, nacho humwepusha mzazi na kuchagua kati ya mazishi na malipo yake.

Hatimaye, familia yenyewe inahitaji maelezo. Mtu mzima anayeonekana nyumbani siku za kazi huhesabiwa kuwa hana kazi, hivyo hutumwa kusimamia ujenzi wa shangazi, kufuatilia hati za kiwanja na kumpeleka kila mgonjwa wa ukoo hospitalini, mpaka muda aliowatengea watoto na wazazi wake ukaisha barabarani. Kusaidia ndugu ni wajibu wa heshima, lakini ni vyema mwenzi na wazee waelezwe mapema kwamba siku hizo ni likizo iliyolipiwa, zina mwisho, na zina watu waliokusudiwa. Wateja nao waarifiwe kwa maandishi tarehe za kutokuwepo na jina la anayeweza kuhudumia dharura.

Anayeandaa pendekezo la kazi wiki hii na aandike ndani yake tarehe atakazokuwa na familia, apange bei inayozilipia, na atenge thumuni ya malipo ya kwanza siku yatakapoingia, kwa kuwa hakuna mwajiri atakayemfanyia hivyo.