Mistari mitano, na ujumbe hauondoki

Simu inaonyesha mistari mitano ya mtandao, ujumbe unazunguka tu. Nani aliyeipanga hiyo mistari? Nimeuliza, nikakuta kila mtengenezaji hujipangia mwenyewe. Hakuna kipimo kimoja kinachowabana wote.

Udadisi huo ndio ulionifikisha kwa Brian Klug, aliyekuwa akiandikia tovuti ya teknolojia ya AnandTech. Juni 2010 iPhone 4 ilikuwa imetoka karibuni, na dunia ikigombana: wengine wanaapa kwamba ukiishika vibaya mawimbi yanakatika, wengine hawaoni kitu. Klug na mwenzake Anand Lal Shimpi hawakubishana. Waliilazimisha simu itoe namba badala ya mistari.

Namba hiyo ni ya desibeli, na huandikwa hasi. Ikishuka kwa 10, nguvu inabaki sehemu moja ya kumi. Simu ikibanwa kiganjani ilipoteza takriban 24, yaani iliyobaki haifiki hata sehemu moja kati ya 200.

Utamu uko kwenye mistari yenyewe. Toka -51 mpaka -91, simu ilionyesha mitano. Humo ndani nguvu inapishana mara 10,000, na skrini imenyamaza! Minne iliyobaki ilisongamana kati ya -91 na -113. Kwa hiyo aliye karibu na mnara aliibana simu yake weee, asione badiliko. Wa mbali aliigusa tu, mistari ikaporomoka. Wote wawili walisema kweli.

Klug hakuificha kasoro ya antena, iliyodhoofika simu ikishikwa. Lakini alishikilia jambo ambalo wagomvi hawakutaka kulisikia: kwenye -113 simu hiyo ilifanya kazi vizuri kuliko iPhone 3GS iliyoitangulia. Kwake, nguvu ya mawimbi si hoja kama hailinganishwi na kelele, yaani mawimbi yasiyotakiwa yaliyoyazunguka.

Tarehe 2 Julai Apple walikiri kwamba hesabu yao ilikosewa, na mara nyingi ilizidisha mistari miwili. Wakabadili hesabu. Tena wakairefusha mistari mitatu ya mwanzo ili ionekane vizuri zaidi, dawa ya macho hiyo.

Siku hizi simu nyingi za Android huitoa namba hiyo kwenye mipangilio, sehemu ya hali ya laini. Nimeitazama. Ila nayo haisemi ni wangapi tuliojazana kwenye mnara mmoja saa mbili usiku. Hilo mteja analipimaje?