Intaneti ya Nyumbani Isiyo na Waya

Katika miji mikubwa, baadhi ya nyumba hupata intaneti kwa waya uingiao mpaka ndani. Ama katika mji kama Masumbwe, uliokuwa upande wa Shinyanga mpaka mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012, si jambo jepesi kuchimba mitaro hadi kwenye kila mlango. Wengi hutegemea mnara na simu ya mkononi. Baba akitoka na simu yake, waliobaki nyumbani huweza kukosa khabari mpaka arudi.

Basi mtandao wa 5G, ulioanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2022, waweza kuibadili hali hiyo utakapoenea. Kisanduku kidogo, yaani ruta, huwekwa nyumbani kikapokea mawimbi ya mnara na kuwagawia wote waliomo: mama aagize bidhaa za duka lake, mtoto adurusu masomo, na bibi aonane na mwanawe aliye Muscat, kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, yatupasa kutahadharisha mambo matatu.

Kwanza, mnara ni kama kisima cha mtaa: jioni, wachotao wakizidi, kila mmoja hupata kidogo. Tena mnara wenyewe hutegemea mikongo ya mbali. Mwezi Mei 2024, mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy ilipokatika, intaneti ilidhoofika nchini, hata kwa wenye simu mpya.

Pili, mawimbi yenye kasi kubwa hayaendi mbali, na bati na kuta huyapunguza nguvu. Ruta na ikae dirishani, upande ulioelekea mnara.

Tatu, kasi si wingi. Saa moja ya video ya kawaida hula kadiri ya GB 1, na ya picha safi zaidi yaweza kufika GB 3. Bando la GB 30 litakwisha kwa saa 10 tu.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, mwenye nyumba na aulize: Je, kasi hupunguzwa baada ya kiasi fulani? Mawimbi yanafika chumbani kwangu? Kisha akae na watu wake wakubaliane: masomo na riziki kwanza, michezo baadaye. Hapo ndipo chombo hiki kitakuwa msaada kwa nyumba, wala hakitaila posho yake.