JE, WAJUA? Mgeni katika hekalu la Kibudha

Je, wajua kuwa Tanzania ina hekalu la Kibudha? Liko Upanga, Dar es Salaam, na chimbuko lake ni wahamiaji wa kutoka Sri Lanka waliofika mwanzoni mwa karne ya 20. Mtu wa Shinyanga au Geita akiwa jijini anaweza kuomba kulitembelea hata kama si Mbudha. Ayajue haya:

• Viatu huvuliwa mlangoni. Mavazi yafunike mabega na magoti.

• Ukiketi sakafuni, kunja miguu. Kuelekeza nyayo kwenye sanamu ya Budha ni utovu wa adabu, na kupiga picha ukiwa umeipa mgongo pia.

• Watawa wa Sri Lanka hawali chakula kuanzia adhuhuri hadi alfajiri, hivyo sadaka ya chakula hupelekwa asubuhi. Mwanamke hampi mtawa mkono. Humsalimu kwa kuunganisha viganja kifuani.

• Budha alipata mwanga wa kiroho chini ya mti wa jamii ya mkuyu. Mti huo huheshimiwa, usichume majani yake.

Na wachimbaji wa dhahabu, je, wajua? Hekalu la Wat Traimit, Bangkok, lina sanamu ya dhahabu ya takriban tani 5.5. Ilikuwa imefunikwa kwa plasta hadi mwaka 1955, ilipohamishwa, plasta ikabanduka na dhahabu ikaonekana.

Ukiingia katika nyumba ya ibada ya wenzako, uliza kwanza, kisha fuata utaratibu wao.